Kabla ya kujenga bweni la yatima, tuwatafute kwanza shangazi zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu ombi nililopewa na vijana wa mtaa wetu hapa Moshi, ambao mwezi uliopita walinifuata nyumbani wakiwa na ramani ya jengo, barua ya mtu aliyejitolea kiwanja, na nia njema ambayo sina sababu ya kuitilia shaka. Wanataka kuanzisha makao ya kulelea watoto yatima yatakayoendeshwa kwa nguvu za watu wa kujitolea, na wameniomba niwe mwenyekiti wa kamati. Ningeweza kuwajibu kwa mdomo, lakini kwa kuwa vikao vya namna hiyo hufanyika pia Arusha, Karatu, Bagamoyo na kwingineko, nimeona heri nijibu mahali ambapo na wengine watasoma.

Siandiki kama mtu wa nje. Kwa miaka mingi, mingine nikiwa bado kazini na mingine baada ya kustaafu ualimu, nilikuwa mtunza hazina wa makao ya aina hiyohiyo. Tulikuwa watu 6, wengine wa kanisani na wengine wa msikiti jirani, na hakuna hata mmoja aliyelipwa. Tulianza kwa kujenga bweni. Leo nikiambiwa nianze upya, nitaanza na daftari na nauli ya basi, na sababu zake ndizo ninazotaka kuzieleza.

Tulipomaliza kujenga tulikuwa na vitanda 12 vya dabodeka, yaani nafasi 24, na watoto 7 tu. Mfadhili wetu, mtu mwema kabisa, alipiga simu akauliza ni lini vitanda vitajaa, kwa sababu picha alizotumiwa zilionyesha magodoro yakiwa bado kwenye nailoni. Hatukukaa kikao kuamua lolote, ila kuanzia wiki ile kila mmoja wetu alianza kutafuta watoto. Tuliwaambia mabalozi wa nyumba kumi, makatekista na walimu wenzetu vijijini kwamba ipo nyumba yenye chakula, viatu vya shule na taa ya kusomea. Hatukumdanganya mtu wala kumnunua mtoto wa mtu. Hata hivyo katika miezi mitano vitanda vikajaa, na tulipoyasoma majalada vizuri baadaye tukakuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto tuliowaita yatima walikuwa na mama au baba aliye hai, na waliosalia, isipokuwa wawili, walikuwa na bibi, mjomba au shangazi anayejulikana kwa jina na kwa kijiji.

Neno lenyewe lina utata ambao wengi hatuuoni. Umoja wa Mataifa unapohesabu yatima humhesabu kila mtoto aliye chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Katika fikihi ya Kiislamu yatima ni aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe, hata kama mama yake yupo na anamnyonyesha. Mfadhili wa mbali akiliona neno hilo kwenye kibao cha barabarani hufikiria mtoto asiye na mtu duniani, na sisi wenye vibao hatuna haraka ya kumsahihisha. Zamani tulikuwa na udhuru. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata, wapo mabibi waliowazika watoto wao wote na kubakiwa na wajukuu kwenye nyumba moja. Tangu dawa za kufubaza virusi zianze kutolewa bure mwaka 2004, wazazi wengi ambao wangekufa wanaishi na wanalea. Watoto waliokuwa wakiletwa kwetu katika miaka ya mwisho waliletwa na umaskini, na ndoa zilizovunjika, na mama aliyekwenda Dar es Salaam au Oman kufanya kazi za ndani, na baba aliyeoa mke mwingine asiyetaka mtoto wa mwenzake. Hayo ni matatizo ya kweli, lakini bweni si dawa yake.

Nilijifunza hilo kwa bibi mmoja wa Rombo, ambaye nitamkumbuka mpaka nife. Alifika Jumapili moja kwa basi la kupitia Himo, na kiroba cha ndizi mshare begani, akaambiwa na mlinzi kwamba siku ya kutembelea watoto ni Jumapili ya mwisho wa mwezi na hii ni ya tatu. Nilimkuta ameketi chini ya mparachichi nje ya uzio, ameuegemeza mgongo kwenye shina, akiwatazama wajukuu zake wawili kupitia kwenye wavu wakicheza mpira. Hakulalamika. Nilimwingiza ndani, nikamletea chai, na katika mazungumzo nikamuuliza, kwa namna ambayo leo naionea haya, kama bado ana nia ya kuwaacha kwetu. Akaniambia, "Mwalimu, sikuwaleta hawa kwa kuwa wamenichosha. Niliwaleta kwa sababu ya sare na madaftari." Usiku ule nilifungua kitabu cha hesabu nikagawanya matumizi ya nyumba kwa idadi ya watoto: chakula, mshahara wa mlinzi, umeme, ankara ya maji, dizeli ya jenereta, matengenezo ya gari. Kile tulichotumia kwa wajukuu wale wawili kwa miezi mitatu kingewatosha wao na bibi yao mwaka mzima kule Rombo, na bati za kuziba paa lake zingepatikana humohumo. Mwaka 2016 ada na michango ya lazima ilipoondolewa kuanzia shule ya msingi mpaka kidato cha nne, na kaya nyingine zilipokuwa zimekwisha kuingizwa kwenye mpango wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, wa kunusuru kaya maskini, hesabu ile ilizidi kutusuta. Tuliwarudisha wale watoto kwa bibi yao, lakini ilituchukua miaka miwili zaidi kulikubali somo hilo, kwa sababu kila tulipoijadili kulikuwa na mjumbe aliyeuliza, "Sasa wafadhili tutawaonyesha nini?"

Nije kwenye suala la watu wa kujitolea, ambalo ndilo vijana wetu wanalitegemea kuliko jingine lolote. Moshi na Arusha hazina shida ya watu hao. Wageni hushuka uwanja wa KIA, hupanda Mlima Kilimanjaro, huenda Serengeti, na katikati hutafuta wiki mbili za kufanya jambo la maana, nasi tunawapokea kwa nyimbo. Wengi wao ni vijana wenye mioyo safi, na sitaki mtu yeyote aisome barua hii kama matusi kwa wageni. Lakini nyumba yetu ilikuwa na ukuta mmoja wa darasa la chekechea uliopakwa rangi mara 4 katika mwaka mmoja, kwa sababu kila kundi lilihitaji kazi ya kufanya na sisi hatukuwa na ujasiri wa kusema hakuna. Twiga watatu wa kuchorwa walikuwa wamelala chini ya rangi ya twiga wa nne. Mafundi rangi wa mtaani, ambao wana watoto wao wa kulisha, walikuwa wakipita wakitazama.

La twiga ni la kuchekesha, lakini liko lingine lisilochekesha. Tulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne ambaye kila gari lilipoingia getini alikimbia kumkumbatia yeyote atakayeshuka, mwanamume kwa mwanamke, mweupe kwa mweusi, hata fundi aliyekuja kutengeneza pampu. Sisi tulijivunia. Tuliwaambia wageni kwamba watoto wetu ni wachangamfu na wanajisikia nyumbani. Siku moja afisa ustawi wa jamii alikuwa amesimama nami barazani akaliona tukio hilo, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto mwenye kwao akimwona mgeni hujificha nyuma ya kanga ya mama yake, na akishamzoea ndipo hutoka. Huyu wetu hakuwa na kanga ya kujificha nyuma yake. Katika mwaka mmoja alikuwa amebebwa, akaogeshwa, akaimbiwa na kuachwa na watu zaidi ya 30, na alichojifunza ni kumshika haraka kila anayefika kwa kuwa hatakaa.

Wataalamu wamelipima jambo hili. Kule Romania, nchi iliyoachiwa maelfu ya watoto katika nyumba za serikali baada ya utawala wa Ceaușescu kuanguka mwaka 1989, watafiti walianza mwaka 2000 kuwafuatilia watoto wadogo 136 wa nyumba za Bucharest, nusu wakihamishiwa kwa familia za malezi na nusu wakiendelea na malezi ya kawaida ya huko. Waliohamishiwa kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili na katika uwezo wa kushikamana na mtu, na waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili walinufaika zaidi. Si ajabu kwamba Australia ilipotunga sheria yake dhidi ya utumwa mambo leo mwaka 2018 iliutambua usafirishaji wa watoto kupelekwa kwenye vituo vya yatima kuwa sehemu ya tatizo hilo, wala si ajabu kwamba jirani zetu wa Kenya walisimamisha usajili wa makao mapya ya watoto mwaka 2017, kisha wakaweka mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kwenye malezi ya kifamilia. Rwanda ilianza safari hiyo mwaka 2012. Kijana anayetaka kufungua makao mapya leo ajue kwamba anaingia kwenye njia ambayo wenzake wanaitoka.

Je, basi watu wa kujitolea hawana kazi? Wanayo, tena nyingi, lakini isiwe ya kuwa mama wa mtoto kwa wiki mbili. Mlezi alipwe. Hili nalisema kama mtu aliyeshika fedha: mama mlezi asiyelipwa, hata awe mcha Mungu kiasi gani, hufika mwezi wa tano akaondoka kwa kuwa naye ana kodi ya nyumba na watoto wa kusomesha, na watoto wa bwenini huhesabu kuondoka kwake kama walivyohesabu kwa wengine. Tuliofaidika nao kweli walikuwa wa hapahapa na hawakupigwa picha. Kulikuwa na muuguzi aliyefika kila Alhamisi kwa miaka 9, akawajua watoto kwa kadi zao za kliniki. Kulikuwa na fundi cherehani aliyezichukua sare zilizochanika kila Ijumaa na kuzirudisha Jumapili. Kulikuwa na kijana wa bodaboda anayezijua njia zote za Uru na Old Moshi, aliyempakia afisa ustawi kwenda kumtafuta shangazi wa mtoto mmoja ambaye tulijua jina lake la ubatizo tu, na akampata siku hiyohiyo kwa kuuliza dukani. Ile safari moja ya pikipiki ilimfaa mtoto kuliko twiga wote wa ukutani.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wa mlimani watanielewa bila maelezo mengi. Mtoto wa Kichaga akitolewa kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo wake, akakulia bwenini mjini, hapotezi malezi tu, anapoteza mahali pake. Nilimsindikiza kijana wetu mmoja kwao alipofikisha miaka 18 na muda wake wa kukaa nasi ukawa umekwisha. Kihamba cha marehemu baba yake kilikuwa kimegawanywa kati ya baba zake wadogo wawili, migomba imepandwa upya, na mpaka wa mimea ya masale umehamishwa. Wazee walimsalimia kwa Kichaga, naye hakuweza kuitikia. Hakuna aliyemfukuza, ila walimkaribisha kama anavyokaribishwa mgeni, na jioni ile tulirudi naye mjini. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza wazi mtu kumnyima mtoto manufaa ya mali iliyoachwa na mzazi wake, na mirathi ya namna hiyo ingefunguliwa mahakama ya mwanzo alipokuwa na miaka sita, lau kamati yetu ingekuwa na mwanasheria mmoja wa kujitolea badala ya wapaka rangi 40. Tulimlisha na kumsomesha miaka 12, na katika miaka hiyo hakuna aliyekilinda kihamba chake.

Makaratasi nayo hayana mvuto, wala hakuna harambee inayochangishwa kwa ajili yake, lakini naomba wanikopeshe subira. Msichana wetu mmoja alifaulu kidato cha sita vizuri, akaomba mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo humtaka mwombaji yatima aambatanishe vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Tulifungua kabati. Tulikuwa na picha zake na wafadhili tangu akiwa na miaka mitano, kadi za Krismasi, ripoti za shule, hata jino lake la kwanza kung'oka likiwa kwenye bahasha. Vyeti vya vifo havikuwepo, na hakuna aliyejua baba yake amezikwa wapi, kwa maana hatukuuliza siku ile alipoletwa na mtu aliyejiita jirani. Tulizunguka ofisi miezi minne. Mtoto tuliyemwita yatima kwa miaka 13 kwenye kila kipeperushi hatukuweza kuthibitisha kwamba ni yatima siku moja alipohitaji tuthibitishe.

Najua nitakachojibiwa, na ni haki nijibiwe hivyo. Shangazi si malaika. Methali ya "yatima hadeki" haikutungwa bwenini, ilitungwa majumbani mwetu, kwa ndugu, ambako mtoto wa marehemu huamka wa kwanza kuchota maji na hula wa mwisho. Wapo watoto waliookotwa wakiwa wachanga, wapo waliotoroka vipigo na mambo mabaya zaidi ya vipigo kwa watu wa damu yao, na kumrudisha mtoto wa namna hiyo kwa kisingizio cha undugu ni ukatili. Hao wanahitaji mlango wa kugonga usiku. Kwa hiyo siwaambii vijana wasifungue nyumba. Nawaambia wafungue nyumba ya vitanda 8 na si ya 24, yenye mama walezi wawili wanaolipwa, ambamo mtoto hukaa huku anatafutiwa pa kwenda: kwa ndugu aliyekaguliwa na anayetembelewa, au kwa familia ya kuaminika iliyoidhinishwa na ustawi wa jamii, au kwa malezi ya kambo, yaani kulelewa na familia isiyo yake, au mwishowe kwa watu watakaomwasili, yaani watakaomfanya mtoto wao kisheria, kwa amri ya Mahakama Kuu. Njia hizo zote zipo kwenye sheria yetu, na wanaozijua ni wachache mno, hata miongoni mwetu tunaojiita wapenda watoto.

Leseni isiwe jambo la kufikiriwa baada ya uzinduzi. Sheria ya Mtoto niliyoitaja na kanuni za makao ya watoto za mwaka 2012 zinaitaka kabla ya mtoto wa kwanza kulala humo, na mtoto apokelewe kupitia afisa ustawi wa jamii au amri ya mahakama, si kwa kuachwa getini na mtu anayeondoka na bodaboda. Mgeni wa kujitolea naye awe na kibali cha uhamiaji kinachomruhusu kujitolea, kwa sababu viza ya matembezi haimruhusu, na kila atakayekaa na watoto, mgeni au mwenyeji, padri au shehe, achunguzwe mwenendo wake huko atokako. Sisi tuliona aibu kuwauliza watu wema maswali ya namna hiyo. Tulikuwa na bahati, na sipendi kusema zaidi.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Nyumba inayolipwa kwa idadi ya vitanda vilivyojaa itakuwa na vitanda vilivyojaa siku zote. Mfadhili aombwe tangu barua ya kwanza kulipia kaya, yaani sare, bati, mbuzi wa maziwa na nauli ya afisa, na aonyeshwe mwisho wa mwaka ni watoto wangapi wametoka, wako wapi na wanaendeleaje. Wengine watakataa, maana mtu hawezi kupiga picha na kaya iliyoko Tarakea kwa urahisi kama anavyopiga na watoto 24 waliopangwa mstari. Maandiko yanayosomwa siku za harambee zetu huwataja yatima na wajane pamoja, na mimi nimekuwa nikijiuliza kwa nini tunajenga bweni la yule mmoja na kumwacha mwingine kihambani peke yake.

Vijana wana kikao chao cha pili Jumamosi ijayo saa kumi alasiri, na nitakwenda. Nimeomba wamwalike afisa ustawi wa jamii wa kata, yule muuguzi wa Alhamisi ambaye bado yuko hai na ana nguvu, na mwanasheria yeyote kijana atakayekubali kutupa siku mbili kwa mwezi. Orodha waliyonipa ina majina ya watoto 15 wa kata yetu na kata jirani wanaosemekana hawana mtu. Nimekwisha kuanza kuulizia, na hadi ninapoandika barua hii nimepata bibi wanne, shangazi sita, na mama mmoja anayeuza mbogamboga soko la Mbuyuni ambaye hakujua kwamba mtoto wake yumo kwenye orodha ya yatima. Mwenye kiwanja amesema hana haraka, na kwa sasa tukilime mahindi.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Moshi.